Jinsi ya Kumsikiliza Geirr Tveitt, Mtunzi wa Hardanger Ambaye Kazi Zake Nyingi Ziliteketea

Mwaka 1970 nyumba iliyokuwa katika shamba la Bjødnabrakane, karibu na Norheimsund katika eneo la Hardanger, magharibi mwa Norway, iliteketea yote, na ndani yake kulikuwa na masanduku ya miswada ya muziki ambayo mwenye nyumba alikuwa ameiandika tangu ujana wake. Inakadiriwa kwamba karibu nne ya tano za kazi za Geirr Tveitt zilipotea katika moto huo. Takriban kila maelezo kumhusu huanza na mkasa huu, nami sikuweza kuuepuka; lakini msikilizaji anayetaka kumfahamu mtunzi huyu hapaswi kuanzia hapo, kwa sababu huruma huziba masikio. Anayeanza afundishe kwanza sikio lake jambo moja, nalo ni kusikia mlio wa uzi ambao hakuna aliyeugusa. Akiisha kulizoea, sehemu kubwa ya muziki wa Tveitt itamfungukia, na habari ya moto ataielewa baadaye kwa namna iliyo sahihi zaidi.

Kabla ya hapo, neno kuhusu jina, maana litakusumbua utakapotafuta rekodi mtandaoni. Alizaliwa Bergen tarehe 19 Oktoba 1908, akabatizwa Nils Tveit. Baadaye alijiita Geir, kisha akaongeza r ya pili ili wageni walitamke vizuri zaidi, na jina la ukoo nalo likapata t ya pili. Andika basi "Geirr Tveitt", r mbili na t mbili, na ukikosa unachokitafuta jaribu tena kwa herufi pungufu. Jifunze pia kutafuta kwa namba ya opasi, yaani namba ambayo mtunzi huipa kila kazi, kwa kuwa majina ya vipande vyake yameandikwa kwa lahaja ya Hardanger na kila kampuni ya rekodi huyatafsiri ipendavyo. Rekodi zilizoenea zaidi ni zile za kampuni za Naxos na BIS. Katika zile za Naxos okestra ya taifa ya Scotland inaongozwa na Bjarte Engeset, na katika zile za BIS okestra ya Stavanger inaongozwa na Ole Kristian Ruud. Zote mbili ni nzuri. Usizisikilize kwa spika ya simu, kwa sababu spika hiyo huondoa sauti za chini pamoja na milio myepesi ya juu, na milio hiyo ndiyo tunayoifuata hapa. Vipokea sauti vya masikioni, hata vya bei ndogo, vitakufaa zaidi.

Sasa mafunzo ya sikio. Ikiwa kanisani kwenu au shuleni kuna piano halisi yenye nyuzi, wala si kinanda cha umeme, omba ruhusa ya dakika tano. Bonyeza do ya katikati polepole sana, mpaka kibonyezo kifike chini pasipo kutoa sauti yoyote, na ukishikilie hapohapo. Kwa mkono wa kushoto piga kwa nguvu do iliyo chini yake, kisha uiachie mara moja. Sauti ya chini itakatika, lakini ile do uliyoishikilia itakuwa inalia kwa upole, ingawa nyundo yake haikuipiga. Kinachotokea ni kwamba kila uzi unapotetemeka hutoa, juu ya sauti yake kuu, sauti nyingine nyembamba, na uzi wowote ulio huru ambao sauti yake inalingana na mojawapo ya hizo hutetemeka nao. Rudia ukishikilia sol iliyo juu ya ile do ya katikati, huku ukipiga do ileile ya chini. Utaisikia nayo, ila kwa udhaifu zaidi.

Baada ya zoezi hilo tafuta rekodi ya fidla ya Hardanger ikipigwa peke yake, bila okestra. Kwa mbali ni fidla kama nyingine, ingawa imepambwa kwa lulumizi na michoro ya wino, na ya zamani zaidi inayojulikana, iliyotengenezwa hukohuko Hardanger, ina tarehe ya 1651. Tofauti yake kubwa iko chini ya nyuzi nne zinazopigwa kwa upinde: hapo pamepitishwa nyuzi nyingine nne au tano ambazo upinde hauzifikii kabisa. Hizo hulia zenyewe zinapoamshwa na za juu, kwa kanuni ileile uliyoisikia kwenye piano. Aidha daraja la fidla hii, yaani kile kibao kidogo kinachoziinua nyuzi, limesawazishwa zaidi kuliko la fidla ya kawaida, hivyo mpigaji hugusa nyuzi mbili kwa wakati mmoja karibu muda wote. Msikilizaji aliyezoea fidla za taarabu, zinazokwenda pamoja katika mstari mmoja wa sauti, ataona hapa mtu mmoja akitoa sauti ya watu watatu, huku nyuma yao pakiwa na wingu la sauti lisilotulia.

Tveitt alikulia baina ya mji wa Drammen na Hardanger, kwenye shamba la wazee wake, na sauti hiyo ilikuwa masikioni mwake kabla hajaenda kusoma Leipzig mwaka 1928. Baadaye alijifunza Paris kwa Arthur Honegger na Heitor Villa-Lobos, na Vienna kwa Egon Wellesz. Ninataja walimu hawa kwa sababu moja tu: usimchukulie kuwa mwanakijiji aliyebahatika kujua nota. Alikuwa mpiga piano wa hali ya juu aliyesimama katika kumbi za Ulaya, na mbinu za okestra za Kifaransa alizijua barabara.

Mlango wa kuingilia ni opasi 151, "Nyimbo Mia Moja za Hardanger", kazi ya okestra iliyogawanywa katika mifululizo ya vipande 15 kila mmoja. Imesalia mifululizo minne, wa 1, wa 2, wa 4 na wa 5, yaani vipande 60. Wa 3 na wa 6 imepotea. Wengi huanza na wa kwanza kwa sababu ni wa kwanza, na kipande chake cha mwanzo, ambacho jina lake ni maneno ya kumkaribisha mgeni kwa heshima, kinastahili kazi hiyo. Mimi lakini humshauri anayeanza aanze na wa 4, ambao ni wa harusi. Muziki wa harusi una kazi inayoeleweka popote: kuna kusubiri, kuna kuondoka nyumbani, kuna kunywa, na kuna huzuni ya mzazi ambayo hakuna anayeitaja. Wa 2 ni wa milimani na ni mtulivu zaidi. Wa 5 ni wa mazimwi, na kimoja cha vipande vyake kinaitwa "Siku ya Kiyama". Huo uache mwisho, tena usiusikilize usiku kwa sauti ya juu ikiwa una majirani.

Usisikilize mfululizo mzima kwa mara moja. Chagua vipande vitatu vifupi, na kila kimoja ukisikilize mara tatu. Mara ya kwanza fuata wimbo wenyewe, ule ambao ungeweza kuuimba. Mara ya pili uache wimbo na usikilize kinachobaki kikilia wimbo unapopumua: mara nyingi ni kinubi, au fidla za okestra zinazopigwa kwa wepesi sana, au kengele ndogo, na hapo utagundua kwamba Tveitt ameichukua okestra nzima akaigeuza kuwa zile nyuzi za chini za fidla ya Hardanger. Mara ya tatu sikiliza ngazi ya sauti. Mwanakwaya aliyesoma kwa do-re-mi atashtuka mahali kadhaa ambapo fa imepandishwa nusu hatua, na wimbo unaonekana kama umechungulia nje ya dirisha kabla ya kurudi. Si kosa la mpigaji. Ngazi za namna hiyo ni za kawaida katika muziki wa eneo hilo, na Tveitt alizipenda kiasi cha kuandika kitabu cha nadharia juu yake, kilichotoka 1937, akazipa majina ya Kinorse cha kale: rir, sum, fum na tyr.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni hili linalofuata. Kabla ya kazi hiyo ya okestra aliandika opasi 150, nyimbo 50 za Hardanger kwa piano pekee, na nyimbo kadhaa zimo katika opasi zote mbili. Tafuta wimbo mmoja ulio kotekote, usikilize kwanza kwenye piano, kisha mara moja kwenye okestra. Piano inakuonyesha mifupa ya wimbo; okestra inakuonyesha ni kiasi gani cha mlio mtunzi alikisikia kichwani akiwa ana vidole kumi tu.

Hapa inabidi niweke tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba Tveitt alisema amekusanya mamia ya nyimbo kutoka kwa watu wa Hardanger, lakini nyingi kati ya hizo hazijapatikana kwa mkusanyaji mwingine yeyote, na wachunguzi wanaamini kwamba sehemu yake alizitunga mwenyewe. Kwa hiyo usizitumie kama ushahidi wa jinsi wakulima wa huko walivyoimba. Zisikilize kama kazi ya mtu aliyeijua lugha ya mahali hapo kiasi cha kuweza kubuni methali zake. Ya pili ni nzito zaidi. Katika miaka ya 1930 Tveitt alikuwa karibu na kundi la wasomi waliotaka kufufua upagani wa kale wa Norway na kuutupa Ukristo, kundi ambalo mawazo yake yaligusana na itikadi za kizalendo kali za wakati huo. Hakuwa mwanachama wa chama cha Kinazi cha Norway, lakini baada ya vita kivuli hicho kilimfuata, na ni miongoni mwa sababu zilizofanya muziki wake upuuzwe nyumbani kwa muda mrefu. Baleti yake, yaani muziki wa onyesho la dansi, "Ndoto za Baldur", iliyoonyeshwa Oslo mwaka 1938, imetoka katika mawazo hayo ya miungu ya kale. Isikilize ukilijua hilo. Kulijua hakuizuii kuwa muziki wa nguvu.

Baleti hiyohiyo ndiyo mahali pazuri pa kurudi kwenye habari ya moto, kwa sababu inafundisha namna ya kusoma maelezo ya rekodi za Tveitt. Nota zake kamili hazikunusurika. Kinachopigwa leo kimejengwa upya kutokana na nota za piano, kurasa zilizoungua pembeni, na rekodi za zamani za redio, zilizosikilizwa na wataalamu kipimo kwa kipimo hadi kila chombo kikaandikwa tena. Tveitt aliifanyia kazi redio ya taifa, na redio ilihifadhi kanda ambazo hakuna aliyejua zingekuja kuwa nakala pekee. Kwa hiyo unapoona katika maelezo kwamba kazi fulani "imejengwa upya", usidhani ni ya kubahatisha, wala usidhani kila nota imetoka mkononi mwake. Makaratasi yaliyoungua yenyewe yalihifadhiwa Oslo.

Ukifika hapa uko tayari kwa kazi ndefu. Konseto ni kazi ya mpigaji mmoja mkuu pamoja na okestra. Konseto ya 4 ya piano, ya 1947, inahusu mwanga wa kaskazini, ule unaocheza angani katika nchi za ncha ya dunia, na sehemu zake tatu zinaufuata tangu unapoamka juu ya rangi za vuli, unapong'aa katika anga la majira ya baridi, hadi unapofifia katika usiku mweupe wa machipuko. Usitafute wimbo wa kuimba humo. Fuata namna piano inavyorusha cheche na okestra inavyozidaka. Konseto ya 5, ya 1954, ina ubishi zaidi na humfaa mtu anayependa mdundo.

Sonata ya piano ya 29, opasi 129, kazi ndefu ya piano pekee yenye sehemu kadhaa, ndiyo sonata pekee iliyosalia kati ya zote alizozihesabu. Sehemu yake ya katikati ni zoezi lako la piano lililofanywa na bwana: mpigaji anabonyeza kimyakimya vibonyezo vingi kwa pamoja, anavishikilia, kisha anapiga nota nyingine fupi, na ukumbi unajaa milio ambayo mikono haikuipiga. Wasikilizaji wasiojua wanachokifanya vidole hudhani kuna mashine. Wewe utakuwa unajua.

Malizia na konseto mbili alizoiandikia fidla ya Hardanger pamoja na okestra, ya kwanza ya 1955 na ya pili, opasi 252, ya 1965. Chombo hiki hakina sauti kubwa, na okestra ingeweza kukimeza kwa urahisi. Angalia basi jinsi Tveitt anavyowaondoa wapigaji wengine mmoja mmoja kila fidla inapoingia, na jinsi anavyowarudisha inaponyamaza. Konseto ya pili inaitwa "Fjord Tatu", na kila sehemu ni ghuba moja ndefu inayoingia kati ya milima: Hardangerfjord, Sognefjord na Nordfjord. Isikilize ramani ikiwa wazi mbele yako, ukianza kusini kwenye Hardangerfjord, mahali ambapo Norheimsund ipo ukingoni mwa maji na ambapo Tveitt alifariki tarehe 1 Februari 1981, ukapande nayo pwani kuelekea kaskazini.