Jinsi ya kupiga hesabu ya kuprinti tasnifu maktabani kabla ya kutuma kazi

Kwenye printa za maktaba za vyuo vingi, mfumo hutoza kwa kurasa, si kwa karatasi. Faili la kurasa 106 likichapwa pande mbili linatumia karatasi 53, lakini bili inabaki ya kurasa 106. Baadhi ya maktaba hupunguza bei kwa pande mbili, kwa hiyo soma tangazo la bei pale kaunta kwanza.

Fungua faili na utazame jumla ya kurasa za faili lenyewe. Usitegemee namba uliyoiona mwisho wa tasnifu: jalada huwa halina namba, shukrani na yaliyomo vina namba za kirumi, na vyote vinalipiwa. Hata ukurasa mtupu huhesabiwa kwenye mifumo mingi, kwa hiyo ufute.

Sasa rangi, maana hapa ndipo wanafunzi wanapoumia. Mfumo hukagua ukurasa mmoja mmoja, na ukikuta alama ndogo tu ya rangi, ukurasa wote unatozwa bei ya rangi. Nembo ya chuo iliyowekwa juu ya kila ukurasa inatosha. Viungo vya intaneti vyenye rangi ya bluu kwenye marejeleo navyo vinatosha.

Tuseme nyeusi ni shilingi 100 na rangi ni 500. Kurasa 106 zenye nembo ya rangi zitakula 53,000. Ukiiondoa nembo, zikabaki kurasa 6 tu za ramani na chati, unalipa 10,000 za nyeusi na 3,000 za rangi, jumla 13,000. Kwa nakala tatu, ni 39,000 badala ya 159,000. Kwa mwanafunzi anayesubiri boom, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, hiyo ni hela ya kula.

Kwa hiyo tuma kazi mara mbili. Kwanza zile kurasa 100, ukichagua nyeusi na nyeupe. Kisha zile sita za rangi, kwa upande mmoja, na uzipachike mahali pake. Ukichanganya hivi, chapa zote upande mmoja, la sivyo mpangilio utavurugika. Angalia namba pia: PDF nyingi huhesabu kuanzia jalada, hivyo kama kurasa za mwanzo ni 10, ukurasa ulioandikwa 41 utauomba kama 51.

Hakikisha saizi ni A4. Faili lililowekwa saizi ya Kimarekani (Letter) laweza kuisimamisha printa ikidai karatasi ambayo haimo, na foleni yote nyuma yako ikakwama.

Weka salio la kutosha kazi nzima kwenye akaunti yako ya kuprinti, kwa sababu likipungua kidogo tu, mifumo mingi huizuia yote.

Karatasi zikikwama au wino ukififia, usitume upya. Chukua zilizoharibika, umpelekee mkutubi papo hapo pamoja na jina la faili na saa uliyotuma. Rekodi ya kazi anaiona kwenye mfumo, na ndipo anaweza kukurudishia salio.