Kupima Mtandao wa Kasi Kubwa na Kupeleka Vipimo Vyake kwenye Huduma ya Ufuatiliaji

Mwongozo huu ni kwa mafundi mtandao wa Mwanza na wa miji mingine ya kando ya Ziwa Victoria ambao ofisi zao zimeshahama kutoka viungo vya megabiti 100 kwa sekunde na kuingia kwenye faiba ya gigabiti 10, ilhali namna yao ya kupima imebaki ile ya zamani. Niliwahi kuonyeshwa grafu ya kiungo kinachounganisha jengo moja la Kirumba na seva zilizoko upande wa Capri Point, ambayo kwa wiki nzima haikuvuka megabiti 114 kwa sekunde, ingawa watumiaji walilalamika kila asubuhi kwamba nakala za usiku hazijamalizika. Waliokuwa wakiitazama walihitimisha kwamba kiungo kina nafasi tele na kwamba kosa liko kwenye seva. Kumbe hiyo 114 haikuwa kasi ya mtandao hata kidogo. Ilikuwa ni dari ya hesabu yenyewe.

Ili kulielewa jambo hilo, ni lazima kwanza kukumbuka kwamba swichi, yaani kifaa kinachounganisha kompyuta na seva za mtandao, haipimi kasi. Swichi inatunza vihesabio, ambavyo hufanya kazi kama mita ya maji: kila baiti (biti 8) inayopita inaongeza tarakimu, na msomaji ndiye anayetoa usomaji wa awali kwenye usomaji wa sasa, kisha akagawa kwa muda uliopita. Kama ilivyo kwa mita yenye tarakimu tano inayofika 99999 na kurudi sifuri, kihesabio cha biti 32 kinafika baiti 4,294,967,295 na kuanza upya. Kwenye kiungo cha megabiti 100 kilichojaa, mzunguko huo unachukua dakika 5 na sekunde 43, na ndiyo maana desturi ya kusoma kila baada ya dakika 5 ilitosha. Kwenye gigabiti 1 unachukua sekunde 34. Kwenye gigabiti 10 unachukua sekunde 3.4 tu, kwa hiyo anayesoma kila dakika 5 anaweza kupitwa na mizunguko zaidi ya 80 asijue. Na kwa kuwa tofauti kati ya usomaji mmoja na mwingine haiwezi kuzidi mzunguko mmoja, kasi kubwa kabisa anayoweza kuiona ni mzunguko huo uliogawanywa kwa sekunde 300, yaani megabiti 114.

Dawa yake ni kuacha kusoma ifInOctets na ifOutOctets, vihesabio vya biti 32 vya baiti zinazoingia na zinazotoka kwenye poti, na badala yake kusoma ifHCInOctets na ifHCOutOctets, ambavyo ni vihesabio vya biti 64. Hivi vinahitaji zaidi ya miaka 460 kuzunguka kwenye gigabiti 10, muda ambao hakuna swichi itakayoishi. Hata hivyo, toleo la kwanza la SNMP, itifaki inayotumika kusoma vihesabio vya swichi kupitia mtandao, haliwezi kubeba namba za biti 64, hivyo kifaa kilichosanidiwa kwa toleo hilo hakitatoa vihesabio hivi hata kama kinavyo. Tumia toleo la 2c ndani ya mtandao uliofungwa, au toleo la 3 penye haja ya utambulisho na usimbaji fiche. Mimi napendelea la 3 popote swichi inapoliweza, kwa sababu nenosiri la 2c linasafiri wazi. Kwenye kile kiungo cha Kirumba, usiku wa kwanza baada ya kubadilisha vihesabio, grafu ilipanda hadi gigabiti 9 na kukaa hapo kwa saa tatu.

Kwa upande wa seva za Linux kazi ni nyepesi zaidi, kwa kuwa vihesabio viko tayari kwenye /sys/class/net chini ya jina la kila kadi, ndani ya saraka ya statistics, na amri ya ethtool -S hutoa vile vya kadi yenyewe kwa undani. Wenye mitambo ya hesabu inayotumia InfiniBand, aina nyingine ya mtandao wa kasi kubwa kati ya seva, wawe macho kwa jambo moja: vihesabio vyake vya data inayotumwa na inayopokelewa, port_xmit_data na port_rcv_data, havihesabu baiti moja moja, bali mafungu ya baiti nne, na asiyezidisha kwa 4 ataona robo tu ya kasi.

Baada ya kihesabio sahihi linafuata suala la muda kati ya usomaji na usomaji. Chukua kiungo cha gigabiti 10 kilichojaa kabisa kwa sekunde 20 kisha kikatulia. Kwenye wastani wa dakika 5, tukio hilo linaonekana kama megabiti 667 hivi, chini ya asilimia 7 ya uwezo, na hakuna atakayeshtuka. Kusoma kila sekunde 10 au 15 kunafichua mengi, ingawa hakuwezi kuonyesha mafuriko ya sehemu ya sekunde. Hayo huyatambui kwa kasi bali kwa athari zake, na kwa hiyo pamoja na baiti, soma pia vihesabio vya pakiti zilizotupwa, yaani ifOutDiscards kwenye swichi na rx_missed_errors kwenye seva. Pakiti zinazotupwa wakati wastani uko chini ni ushahidi kwamba kiungo kinajaa na kupungua haraka kuliko unavyosoma. Ongeza pia makosa ya CRC, yaani pakiti zilizofika zikiwa zimeharibika, na nguvu ya mwanga unaopokelewa, ambayo ethtool -m huionyesha kwa dBm (kizio cha nguvu ya mwanga) pale moduli ya faiba inaporuhusu. Katika mji wetu wa mawe, ambako faiba nyingi hupita juu ya nguzo kwa kuwa mtaro hauchimbiki kirahisi, kipimo hiki kina thamani ya pekee: mwanga ukishuka kwa dB 3 maana yake nusu imepotea, na mara nyingi hali hiyo huonekana kabla kiungo hakijakatika.

Katika kukusanya na kutuma, mpangilio ninaoupendekeza ni Prometheus, programu ya kukusanya na kuhifadhi vipimo, kwenye seva iliyo Mwanza, pamoja na programu ndogo za kuitolea vipimo hivyo: node_exporter kwenye kila seva na snmp_exporter kwa ajili ya swichi. Badilisha scrape_interval, yaani muda kati ya usomaji na usomaji, ambayo kwa kawaida ni dakika 1, iwe sekunde 15, na ukokotoe kasi kwa rate, fomula ya Prometheus ya kasi ya ongezeko, juu ya dirisha la dakika 1 ili sampuli moja ikikosekana hesabu isivunjike. Kisha tumia remote_write, sehemu ya Prometheus inayotuma data kwingine, kupeleka vipimo kwenye huduma ya ufuatiliaji iliyo nje ya mji kupitia HTTPS.

Sababu ya kuweka mkusanyaji wa kwanza hapa hapa ni dhoruba za ziwani. Radi za usiku zinapokata umeme au kiungo cha kutoka nje ya mji, remote_write huendelea kujaribu na inaweza kufidia kukatika kwa takriban saa 2; zaidi ya hapo, huduma ya nje itabaki na pengo, lakini Prometheus ya hapa bado ina data yake ya siku 15 usipobadilisha chochote. Anayetumia Telegraf, programu nyingine ya kukusanya vipimo, apige hesabu ya bafa yake, yaani akiba ya muda ya vipimo vinavyosubiri kutumwa: metric_buffer_limit ya kawaida ni vipimo 10,000, na swichi nne zenye poti 48 kila moja, zikisomwa kila sekunde 10, huijaza chini ya dakika 9, kisha vipimo vya zamani huanza kutupwa. Weka pia tahadhari upande wa huduma ya nje ilie data inapoacha kufika, kwa sababu Mwanza iliyokatika haiwezi kutuma taarifa kwamba imekatika.

Saa za vifaa vyote zilinganishwe kwa chrony, programu ya kusawazisha saa kupitia mtandao, na data ihifadhiwe kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya saa za hapa kwa saa 3. Mlinzi akiandika kwenye daftari kwamba umeme ulikatika saa 8 usiku wa kuamkia Jumanne, hiyo ni saa 02:00 kwa saa za hapa na 23:00 ya Jumatatu kwa UTC. Nimewaona watu wazima wakibishana kwa nusu siku juu ya matukio mawili ambayo yalikuwa moja.

Mwisho, jaribu mfumo kwa mzigo unaoujua. Endesha iperf3, programu inayotuma data ya majaribio, kati ya seva mbili kwa kikomo cha gigabiti 4 kwa dakika 5, ukiwa umewaarifu watumiaji, kisha tazama dashibodi. Inapaswa kuonyesha gigabiti 4 na ziada ya asilimia chache, kwa kuwa poti huhesabu pia vichwa vya pakiti. Ukiona 0.5, umesahau kugeuza baiti kuwa biti. Ukiona 1 kwenye InfiniBand, ni yale mafungu ya baiti nne. Na ukiona namba inayorukaruka chini ya megabiti 600 huku ukisoma kila dakika, rudi kwenye swichi, bado unasoma kihesabio cha biti 32.