Jinsi ya Kuielewa Milio ya Paka Wako

Paka wengi katika nyumba za Uganda waliletwa kwa sababu ya panya, na ni baada ya kuzoeana nao ndipo mwenye nyumba hugundua kwamba mwindaji huyo ana maneno mengi kuliko ilivyotarajiwa. Hulia mlangoni, hulia jikoni wakati mukene, yaani dagaa, wanaoshwa, hulia usiku juu ya mabati. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzitambua sauti hizo na kuzifasiri kwa uangalifu, kwa kufuata kanuni moja: maana ya mlio haimo katika mlio peke yake, bali katika mlio pamoja na mwili wa paka, mahali alipo, saa yenyewe, na kile kinachomnyamazisha.

Nyau huelekezwa kwa binadamu

Ukiwachunguza paka wawili wakubwa wanaoishi pamoja kwa amani, utaona kwamba ni nadra sana kwao kuliliana nyau. Wao husalimiana kwa kugusana pua, kusuguana vichwa, kuinua mikia na kuachiana harufu. Anayelia nyau kwa asili ni mtoto wa paka anayemwita mama yake, na tabia hiyo hufifia anapokua, isipokuwa akiishi na watu. Hapo huiendeleza maisha yake yote, kwa kuwa amejifunza kwamba binadamu hana habari na harufu wala mikia, lakini akisikia sauti huinuka na kufanya jambo. Kwa hiyo nyau ya paka wako imefinyangwa kwa kiasi kikubwa na majibu yako mwenyewe: sauti iliyowahi kuleta chakula inarudiwa, na ile iliyopuuzwa inaachwa.

Ndiyo maana hakuna kamusi moja ya nyau inayowafaa paka wote. Mwaka 2003, Nicholas Nicastro wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani pamoja na mwenzake waliwasikilizisha watu nyau zilizorekodiwa katika hali mbalimbali, wakawataka wakisie kila paka alikuwa katika hali gani. Wasikilizaji walibahatisha kwa usahihi mdogo tu, ingawa waliozoea kuishi na paka walifanya vizuri zaidi. Zile programu za simu zinazodai kumtafsiria mtu kila nyau kwa sentensi kamili mimi nazichukulia kuwa mchezo wa kupitisha muda.

Kuna hata hivyo jambo moja la jumla linaloweza kutegemewa kiasi, nalo ni mwendo wa sauti. Susanne Schötz, mtaalamu wa fonetiki wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden, amelinganisha milio ya paka wanaoomba chakula na ya paka waliofungiwa kizimbani wakimsubiri daktari wa mifugo. Milio ya kuomba ilielekea kupanda mwishoni. Ile ya wasiwasi ilielekea kushuka. Jaribu kuusikiliza mwisho wa mlio kabla ya kuhesabu wingi wake. Nyau fupi inayopanda, huku mkia umesimama wima na ncha yake imepinda kidogo, kwa kawaida ni salamu au ombi jepesi. Nyau ndefu inayoshuka, hasa paka akiwa amejikunyata au masikio yameelekea pembeni, inaashiria kwamba kuna kitu kinamsumbua.

Namna ya kujifunza lugha ya paka wako mwenyewe

Chukua daftari la kawaida, na kwa muda wa wiki moja au mbili andika mambo manne kila paka anapolia: saa, mahali alipokuwa, mwili wake ulivyokuwa, na jambo lililomnyamazisha. Hilo la nne ndilo lenye uzito zaidi. Aliyenyamaza baada ya mlango kufunguliwa alikuwa akiomba mlango. Aliyekula tonge moja kisha akaendelea kulia hakuwa akiomba chakula, hata kama alikuwa amesimama karibu na sahani.

Mfano mmoja nilioushuhudia kwa karibu ni wa paka jike mwenye madoa anayeishi katika nyumba ya kupanga huko Kireka, karibu na Kampala. Kila jioni alikuwa akilia mlangoni, na wenye nyumba walikuwa wakimwongezea posho (ugali) na mukene wakidhani ana njaa. Ukimtazama vizuri, uliona milio miwili tofauti. Wa kwanza ulikuwa mfupi, mkia juu, macho yakimwelekea mtu. Wa pili ulikuwa mrefu na mzito, na paka aliutoa akiwa amegeuza shingo kuutazama ua, masikio yamelala pembeni, manyoya ya mgongoni yameinuka kidogo. Mlio huo wa pili ulikuja saa ileile ambayo mbwa wa jirani hufunguliwa, na ulikoma mara mlango uliposhindikwa, huku sahani ikiwa bado imejaa.

Tahadhari inahitajika mahali pamoja: chakula hukatiza milio mingi hata isiyohusu njaa, kwa sababu paka aliyechoshwa na upweke naye hatakataa kipande cha samaki. Kwa hiyo kabla ya kujaza sahani, mjaribu kwa jambo lingine. Mkune chini ya kidevu, mfungulie mlango, mchezeshe kwa kamba, kisha uone.

Mkoromo si furaha daima

Sauti ile nzito ya kukoroma, inayosikika paka akivuta pumzi na akiitoa bila kukatika, hutokana na kutetemeka kwa zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilichomo kooni, takribani mara 25 hadi 30 kwa sekunde, na wapo paka ambao mkoromo wao hausikiki mpaka uweke mkono kifuani, kama ambavyo wapo wanaosikika kama kinu cha kusaga mahindi katika mtaa wa pili. Paka aliyelala pajani, macho nusu yamefumba, makucha ya mbele yakikandakanda nguo yako, ameridhika. Hata hivyo paka hukoroma pia anapozaa, anapoumwa na anapokuwa na hofu kubwa, na madaktari wa mifugo hukutana na paka waliovunjika mifupa wakiwa wanakoroma mezani. Ukimwona paka anakoroma huku amejificha chini ya kitanda, hali chakula, na anaukaza mwili unapomgusa, usijifariji kwamba amefurahi.

Uko mkoromo wa tatu ambao wafugaji wengi huutii bila kujua. Karen McComb na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex nchini Uingereza walieleza mwaka 2009 kwamba baadhi ya paka, wanapotaka chakula, huingiza ndani ya mkoromo wao kilio chembamba chenye kimo cha sauti kinachokaribia kilio cha mtoto mchanga. Watu waliosikilizishwa waliuona mkoromo huo kuwa wa haraka na usiopendeza, hata wale ambao hawajawahi kufuga paka. Ukijikuta unaamka saa kumi na moja alfajiri bila kuelewa kwa nini huwezi kumpuuza paka anayekoroma sikioni mwako, sababu huenda ikawa hiyo.

Milio mingine ya mchana

Ule mlio wa kuviringika, “prrr” inayopanda huku mdomo umefungwa, ni wa kirafiki karibu kila mara. Paka mama huutumia kuwaita wanawe, na paka wa nyumbani huutumia kukulaki au kukutaka umfuate. Mjibu kwa sauti ya upole, inatosha.

Mlio wa kukatakata, taya likitetemeka na meno yakigongana, hutokea paka anapoona windo asiloweza kulifikia. Katika nyumba zetu mara nyingi windo hilo ni mjusi kafiri aliyeganda ukutani karibu na taa, akivizia wadudu. Paka huketi chini yake, shingo imenyooka, mkia ukipiga sakafu, na taya likicheza. Hana tatizo lolote, ila ondoa vikombe mezani.

Kufoka kwa pumzi kali ya “hhhss” pamoja na kutema ni onyo la paka mwenye hofu anayeomba nafasi, na mngurumo wa kooni ni onyo zito zaidi. Usimpige wala usimkaripie kwa onyo hilo, maana paka anayeadhibiwa kwa kuonya huweza kujifunza kuruka hatua ya onyo na kwenda moja kwa moja kwenye kung'ata. Rudi nyuma, mwachie njia ya kutokea, na waondoe watoto.

Vilio vya usiku

Hapa ndipo palipo na kutoelewana kwingi, kwani kilio kirefu cha paka juu ya paa hufanana na kilio cha mtoto, na wapo wanaokihusisha na uchawi kisha wakarusha mawe au kuweka sumu. Sehemu kubwa ya vilio hivyo ina maelezo ya kawaida kabisa. Paka jike aliye katika joto huwaita madume kwa sauti nzito inayorudiwa saa nzima. Hujigaragaza sakafuni, huinua sehemu ya nyuma na kukanyagakanyaga kwa miguu yake ya nyuma, na wasiofahamu hudhani anaumwa kiuno. Hali hiyo hudumu karibu wiki moja, na asipopandwa hurudi tena baada ya wiki mbili au tatu. Huweza kuanza akiwa na umri wa takribani miezi sita, na kwa wengine hata minne.

Joto la paka huongozwa na urefu wa mchana. Katika nchi za Ulaya, majike wengi hutulia siku zinapokuwa fupi majira ya baridi, lakini kwetu, ambapo mstari wa Ikweta unaikata barabara ya Masaka pale Kayabwe na mchana unakaribia saa 12 mwaka mzima, hakuna msimu wa kupumzika. Jike anaweza kuita mwezi wowote. Kumfungia ndani kunamzuia kupata mimba lakini hakumnyamazishi. Dawa yake ni kumpeleka kwa daktari wa mifugo afungwe uzazi.

Madume nao hutoa sauti ndefu zinazopanda na kushuka wakitishana mipaka. Ugomvi ukianza, usiingize mkono. Wamwagie maji au piga sufuria kwa kijiko. Ukiumwa au ukikwaruzwa, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya, kwa sababu kichaa cha mbwa huwapata paka pia.

Kilio cha alfajiri cha kudai chakula ni tabia iliyofundishwa, na hufundishika upya. Mpe mlo wa mwisho usiku kabla hujalala, na asubuhi usimpe chakula mara tu anapolia, bali subiri anyamaze kwanza. Siku chache za mwanzo atalia zaidi kuliko kawaida, jambo linalowakatisha tamaa watu, hasa katika mizigo, yaani vyumba vya kupanga vilivyoungana, ambako jirani yuko upande wa pili wa ukuta. Mweleze jirani mapema. Ukishindwa siku ya nne ukampa, utakuwa umemfundisha kwamba kinachohitajika ni kulia kwa muda mrefu zaidi.

Mlio unaotaka daktari

Jambo la kuogopa zaidi ni badiliko. Paka mkimya aliyeanza kulia, au mwenye maneno mengi aliyenyamaza ghafla, anastahili kuchunguzwa. Dume anayechutama mara kwa mara akijikamua na kulia huku mkojo hautoki, au unatoka matone tu, huenda amezibwa njia ya mkojo, na hali hiyo huua ndani ya siku moja au mbili, usingoje kesho. Paka mzee, wa miaka 10 na zaidi, anayetembea nyumbani usiku akipiga kelele huenda ana ugonjwa wa tezi ya shingo, figo au shinikizo la damu, au anapoteza usikivu na kumbukumbu. Sauti iliyokauka pamoja na chafya na macho yenye tongo mara nyingi ni maambukizi ya njia ya hewa. Sauti iliyobadilika ghafla, mate yanayochuruzika na ukali usio wa kawaida ni dalili za kichaa cha mbwa: mfungie mahali, usimguse, mwite afisa mifugo.

Usimpe paracetamol kwa hali yoyote, hata kipande. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Mpeleke kwa afisa mifugo wa eneo lako, na kwa walio Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kina kliniki ya wanyama wadogo.

Namna ya kumjibu

Atsuko Saito na wenzake nchini Japani wameonyesha kwamba paka huitambua sauti ya mwenye kuwafuga na, kama walivyochapisha mwaka 2019, hulitofautisha jina lao na maneno mengine yanayofanana nalo kwa urefu. Katika nyumba ambamo baba anasema Kiswahili, mama Kiganda na watoto Kiingereza, paka hatachanganyikiwa, mradi jina lake liwe moja na mlitamke kwa namna moja. Mkitaka kumtuliza, mtazameni kwa macho yanayofumba na kufumbuka polepole. Paka wengi hurudisha ishara hiyo, na wengine husogea.

Iwapo kuna mlio unaokutatanisha, urekodi kwa simu mara tu unapoanza, ukionyesha mwili mzima wa paka na mahali alipo. Paka wengi hunyamaza kabisa wakishaingizwa kwenye kizimba au boksi na kupakiwa kwenye bodaboda, na daktari asiyesikia chochote chumbani mwake atapata msaada mkubwa katika video ya nusu dakika, pamoja na kurasa za lile daftari zinazoonyesha mlio ulianza lini na ulikoma kwa nini.