Somo: Kuhesabu saa za injini ya boti

Gari linapimwa kwa kilomita. Boti je? Mkondo unaisukuma, upepo unairudisha, na kuna siku injini inanguruma asubuhi nzima boti imetia nanga. Kwa hiyo tunahesabu saa ambazo injini imezunguka.

Hatua ya 1. Angalia injini yako ni ya aina gani. Ya petroli ina plagi ya cheche, kwa hiyo mita ndogo ya kuzungushia waya inatosha. Dizeli haina plagi hiyo; mita yake inaungwa kwenye umeme.

Hatua ya 2 (petroli). Zungusha waya wa mita kwenye waya wa plagi mara nne au tano, kisha ubane. Kila cheche inayopita, mita inaipokea. Waya usiguse gurudumu la injini wala sehemu za moto.

Hatua ya 3 (dizeli). Hapa ndipo wengi tunakosea. Mita yangu ya kwanza niliiunga kwenye ufunguo. Saa zikapanda ajabu, kumbe nahodha alikuwa anaacha ufunguo umewashwa asikilize redio! Pitisha umeme wa mita kwenye swichi ya presha ya oili, ile inayofunga saketi presha ikipanda. Usitumie swichi ya taa ya onyo. Yenyewe hufanya kinyume: hufunga saketi presha ikiwa chini, yaani injini ikiwa imelala. Weka na fyuzi ndogo.

Hatua ya 4. Daftari. Mita bila daftari ni pambo tu. Langu linasomeka hivi:

*212.4 – oili na chujio. Ijayo 312.*

Hiyo .4 si dakika nne. Kila 0.1 ni dakika 6, kwa hiyo ni dakika 24. Injini nyingi za stroki nne zinazofungwa nje, nyuma ya boti, hutaka oili kila saa 100 au kila mwaka, kinachotangulia. Ikiwa mpya, huduma ya kwanza huja mapema zaidi, mara nyingi saa 20. Fuata kitabu cha injini yako.

Maswali ya wanachama

*Fundi, sina mita. Naweza kukadiria kwa mafuta?*
Unaweza. Jaza tangi, tembea saa moja kwa mwendo wako wa kawaida, ujaze tena. Ikila lita 9, basi lita 90 ni kama saa 10. Ukibadilisha mwendo, hesabu imevurugika.

*Sailensa, yaani injini ikinguruma taratibu bila boti kutembea, nayo inahesabiwa?*
Ndiyo.

*Nimenunua boti iliyotumika. Mita inasema saa 38 lakini injini imechoka kabisa!*
Pole ndugu. Mita hubadilishwa kwa dakika chache. Kama injini ina kompyuta, fundi mwenye kifaa cha kuisoma anaweza kuona saa zilizohifadhiwa humo. Kama haina, fungua oili ya gia: ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia.

*Mita yangu ilikufa ikiwa 460, nimefunga mpya. Naanza sifuri?*
Mita ianze sifuri, daftari liendelee. Andika "+460" kwa kalamu isiyofutika, juu ya mita yenyewe.