Ukihamia Bukoba Kutoka Pwani

Mtu wa Pwani anayehamia Bukoba ajue mapema kwamba Mhaya, mwenyeji wa huko, anapotaja chakula, mara nyingi humaanisha ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, wala si wali. Usianze kwa kuhangaikia mchele sokoni. Mwombe mama jirani akufundishe kumenya ndizi mbichi. Jipake mafuta mikononi na kwenye kisu, kwa sababu utomvu wake ukishakauka vidoleni hautoki kwa urahisi kwa sabuni, kisha kila ndizi unayoimenya itumbukize majini papo hapo isije ikawa nyeusi.

Ukikaribishwa nyumbani kwa watu, huenda ukapewa kahawa kavu ya kutafuna, iliyochemshwa na kuanikwa ikiwa na maganda yake. Ipokee kwa heshima na uitafune polepole, maana huo ni ukarimu wa tangu enzi za mababu, na kwangu mimi hakuna salamu nzuri kuipita.

Senene, wadudu wa jamii ya panzi, hupatikana kwa wingi kuelekea Novemba. Hunyonyolewa mabawa na miguu, kisha hukaangwa. Waonje bila kukunja uso, isipokuwa kama kamba wa baharini hukuletea mzio, kwani senene nao wanaweza kukudhuru vivyo hivyo.