Kupima mwamba wa mchanga kwa ajili ya jotoardhi: maji yanapita?

Hapa Arusha ukitaja jotoardhi, yaani joto la ndani ya ardhi, watu huwaza volkano: Meru, Ol Doinyo Lengai, chemchemi za moto za Natron. Lakini mawe yaliyojaa mezani kwangu Njiro ni ya mchanga, ya Karoo (kundi la matabaka ya mawe ya kale), kama yale ya upande wa Tanga. Haya hayangoji volkano. Yanataka kina, na yanataka maji yanayopita.

Hatua ya 1: Kadiria joto. Chukua joto la wastani la juu ya ardhi, ongeza nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita unayoshuka. Palipo na nyuzi 26 juu, mita 1,500 chini, ukitumia 30, utakuta kama nyuzi 71. Ukipewa vipimo vya kisima cha zamani, uliza vilichukuliwa muda gani baada ya uchorongaji kusimama. Tope la kuchorongea hupoza kisima, hivyo kipimo cha haraka husoma chini ya joto halisi.

Hatua ya 2: Pima vitundu. Kausha kipande cha mwamba kwenye oveni, kipime: tuseme gramu 424. Kiloweke kwenye chombo kilichonyonywa hewa mpaka viputo viishe, kifute kwa kitambaa chenye unyevu, pima tena: 464. Kisha kining'inize kwa uzi ndani ya maji: 264. Maji yaliyoingia ni gramu 40, ujazo wa kipande ni sentimita za ujazo 200. Vitundu ni asilimia 20.

Hatua ya 3: Pima upitishaji, yaani urahisi wa maji kupita ndani ya mwamba. Hapa nakuomba usiharakishe. Vitundu vingi visivyoungana ni kama nyumba yenye vyumba vingi isiyo na milango. Niliwahi kuandika ripoti yenye furaha kwa sababu ya joto zuri, kabla vipande havijarudi kutoka maabara. Viliporudi, nilidondoshea kimoja asidi hafifu ya hidrokloriki, kikatoa povu kuanzia ukingo hadi ukingo: kalisaiti, madini ya chokaa, ilikuwa imegandisha chembe zote. Nililazimika kuiandika ripoti upya.

Kwa hiyo tazama kila kipande kwa darubini. Kalisaiti huziba. Udongo aina ya ilaiti ni mbaya zaidi, kwa kuwa nyuzi zake nyembamba huacha vitundu vikionekana wazi huku maji yakikwama. Halafu zidisha upitishaji kwa unene wa tabaka. Kipimo cha upitishaji ni darsi, na milidarsi ni sehemu yake ya elfu: milidarsi 100 kwa mita 100 ni darsi-mita 10. Chini ya hapo mimi huanza kusitasita.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya joto. Kilomita moja ya mraba, unene wa mita 100, vitundu asilimia 20, maji yakipoa kutoka nyuzi 71 hadi 31: joto lililohifadhiwa kwenye mwamba na maji yake ni kama petajuli 10 (petajuli moja ni juli milioni mara bilioni). Ukichukulia kwamba asilimia 10 ndiyo itatoka, kwa miaka 30 unapata takribani megawati 1 ya joto. Haitoshi kuzalisha umeme, ila inakausha mazao na kupasha maji. Southampton, Uingereza, walipasha majengo kwa maji ya nyuzi 76 kutoka mwamba wa mchanga ulio karibu kilomita 1.8 chini.

Hatua ya 5: Jaribu kurudisha maji. Kusukuma nje peke yake hakutoshi. Maji yaliyopoa hurudishwa kwa kisima cha pili, na mawe ya mchanga huzibwa kirahisi na chembe laini zinazosafiri na maji. Rekodi shinikizo kila saa. Likipanda wakati mtiririko haujabadilika, simamisha pampu, kagua vichujio.