Namna ya Kusoma Majibu ya Kipimo cha RNA cha Homa ya Ini C

Wengi hufika kwenye kipimo hiki baada ya kipimo cha kingamwili kutoa jibu chanya, na hofu huanza hapo hapo, mara nyingi kabla ya wakati wake. Kingamwili huonyesha tu kwamba mwili uliwahi kukutana na virusi vya homa ya ini C, nazo hubaki katika damu kwa miaka mingi hata kwa mtu aliyekwisha kupona. Kati ya watu 100 walioambukizwa, 15 hadi 45 huvishinda virusi ndani ya miezi 6 bila dawa yoyote. Ili kujua kama virusi vimo mwilini sasa, maabara hutafuta RNA, yaani chembe ya urithi ya kirusi chenyewe.

RNA hiyo huwa kidogo mno, hivyo hugeuzwa kwanza kuwa DNA, kisha mashine ya PCR huinakili tena na tena, kila mzunguko ukikaribia kuzidisha nakala mara mbili. Kwa hesabu hiyo nakala moja hupita bilioni 1 baada ya mizunguko 30.

Unapopokea karatasi ya majibu, usikimbilie tarakimu. Soma kwanza maneno. "Haikuonekana" maana yake mashine haikukuta RNA katika sampuli ile. Ikiwa imeandikwa "imeonekana, <15 IU/ml", alama hiyo ndogo husomwa "chini ya" (IU/ml ni uniti za kimataifa katika kila mililita): virusi vimekutwa, ila ni vichache kuliko kiwango ambacho mashine inaweza kukihesabu kwa uhakika. Majibu haya mawili huchanganywa kila siku, ilhali hayalingani hata kidogo. Kiwango cha chini nacho hutofautiana kati ya mashine na mashine, kwa hiyo kitafute kwenye karatasi yako mwenyewe.

Tarakimu kamili, tuseme 800,000, huhesabiwa kwa uniti za kimataifa katika kila mililita ya damu. Ikiwa safari iliyofuata ni 400,000, usishangilie wala usihuzunike. Tofauti hiyo ni logi 0.3 tu (logi 1 ni mara kumi), na kipimo chenyewe huweza kuyumba kiasi hicho. Mabadiliko yenye uzito ni ya mara kumi na zaidi. Vilevile, tarakimu kubwa haimaanishi kwamba ini limeharibika zaidi, kwa kuwa hali ya ini hupimwa kwa vipimo vingine.

Tarehe nayo ina neno lake. RNA huonekana wiki 1 hadi 2 baada ya maambukizi, wakati kingamwili kwa kawaida huchukua wiki 8 hadi 11, hivyo aliyejihatarisha juzi anaweza kupata jibu hasi katika vipimo vyote viwili na bado akahitaji kurudia. Kwa anayetumia dawa, kipimo cha kuthibitisha kupona hufanyika wiki 12 baada ya kumeza kidonge cha mwisho.

Ukishapona, kipimo cha kingamwili kitaendelea kusema chanya, na kupona hakukukingi dhidi ya maambukizi mapya. Kila utakapotakiwa kupimwa tena, mweleze mhudumu kwamba uliwahi kutibiwa na uombe kipimo cha RNA.